Matusi yanayoandikwa hadharani Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuandika. Naandika mabango ya maduka, milango ya mama lishe, vioo vya daladala na mbavu za mitumbwi inayotia nanga mwalo wa Kirumba. Kwa kuwa brashi iko mkononi mwangu, lawama na maswali huniangukia mimi kwanza: wazazi, madereva, wenyeviti wa mitaa, hata mafundi wenzangu. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi.

Ni maandishi gani hasa yanayozungumziwa?

Ni yale ambayo mtu hakuyatafuta, yamemkuta njiani. Kioo cha nyuma cha daladala, stika ya bodaboda, ukuta wa uzio, bango la baa, fulana ya mpita njia, mwamba uliopakwa rangi kando ya barabara. Mwanza ni jiji la miamba, na mwamba ukishaandikwa unasomwa na mtaa mzima ulio juu na ulio chini yake.

Kwani tusi la kuandikwa lina tofauti gani na la mdomoni?

Tusi la mdomoni lina mwenyewe na lina saa yake. Watu wanatukanana sokoni, wengine wanaamua, jioni mmoja anakwenda kwa mwenzake kuomba radhi. La rangi halina jioni. Aliyelengwa analikuta asubuhi akienda kuchota maji, analikuta tena akirudi, na wanaye wanalisoma wakienda shule.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimewahi kulitenda. Miaka kadhaa iliyopita mteja alinipa kazi ya ukuta wa uzio. Maneno aliyoyataka hayakuwa na tusi hata moja: MUME WA MTU SUMU. Nikayaandika kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kila moja urefu wa dhiraa moja, nikapewa nusu ya malipo. Sikuuliza ukuta unatazama wapi. Ulikuwa unatazama mlango wa mama mjane ambaye mtaa ulikuwa ukimsengenya. Niliporudi baada ya wiki mbili kudai salio, nilimkuta anafagia uwanja. Alikuwa anafagia kinyumenyume, kutoka njiani kuelekea mlangoni, ili mgongo wake ndio uelekee ukuta. Kesho yake nilirudi na kopo la rangi nyeupe, la fedha yangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea maneno siulizi kwanza ni machafu kiasi gani. Nauliza yatamwangukia nani, na huyo atakuwa na pa kuyakwepea?

Je, kuzuia maandishi si kuminya uhuru wa maoni?

Swali hili ni la haki na halipaswi kupuuzwa. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Ibara ya 30 inasema haki hizo zisitumiwe kwa namna ya kuvunja haki za wengine au maslahi ya umma. Na kabla ya zote hizo ipo ibara ya 12: "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." Zote tatu ni za Katiba moja, na mtunga sheria ndogo anatakiwa azisome zote tatu.

Ipo kesi ya Marekani ambayo napenda kuwasimulia madereva. Mwaka 1968 kijana aitwaye Paul Robert Cohen aliingia kwenye jengo la mahakama Los Angeles akiwa amevaa koti lenye neno chafu la kulaani uandikishaji wa vijana kwenda vitani. Akahukumiwa kifungo. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimfutia hatia. Moja ya sababu ni kwamba neno lile halikumlenga mtu yeyote aliyekuwa pale, na asiyelipenda angeweza kugeuza macho.

Wamarekani wana sheria zao na sisi tuna zetu. Koti lile lingevaliwa pale Soko Kuu nadhani lisingefika mchana. Lakini sababu zile mbili zinanifaa kama mizani. Je, neno limemlenga mtu? Je, anaweza kugeuza macho? Yule mama wa uzio alilengwa, na hakuwa na pa kugeuzia macho isipokuwa kufagia kinyumenyume.

Sheria za nchi zinasemaje?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani anayemtolea mwenzake lugha chafu au ya matusi kwa namna inayoweza kuvunja amani, na kifungo chake kinaweza kufika miezi 6. Sheria hiyo hiyo inagusa uoneshaji wa maandishi na michoro michafu hadharani, maneno ya makusudi ya kuumiza hisia za dini za watu, na maneno ya kumdhalilisha mwanamke kwa jinsia yake. Kwa magari ya abiria ipo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua upande wa nchi kavu wa SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini; leseni ya usafirishaji ina masharti yake, na lugha kwa abiria ni sehemu ya masharti hayo.

Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba hakuna sheria. Kinachokosekana mara nyingi ni kanuni ya karibu, inayomwambia mgambo na mwenye ukuta nini kifutwe, kwa siku ngapi, na nani anunue rangi.

Hiyo kanuni ya karibu inatungwa na nani?

Inategemea umesimama wapi. Jiji letu lina halmashauri mbili: ya Jiji la Mwanza upande wa Nyamagana, na ya Manispaa ya Ilemela, iliyoanza mwaka 2012. Ukuta wa Igogo au Mkuyuni ni wa Jiji. Ukuta wa Kirumba au Pasiansi ni wa Ilemela. Nimeona mtu akizungushwa siku nzima kwa kupeleka lalamiko la Kirumba kwenye ofisi za Jiji.

Halmashauri za miji zinatunga sheria ndogo kwa mamlaka ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, iliyotungwa mwaka 1982. Rasimu lazima itangazwe ili wakazi watoe maoni na pingamizi, kisha ipate ridhaa ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, ndipo ichapishwe kwenye Gazeti la Serikali. Hatua ya maoni ya wakazi ndiyo tunayoilalia, halafu tunalalamika siku mgambo anapokuja na risiti ya faini. Visiwani na vijijini, kwa mfano Ukerewe au Sengerema, halmashauri ya kijiji nayo inaweza kutunga sheria ndogo zake kupitia mkutano mkuu wa kijiji na kuziombea kibali wilayani. Kwenye mialo huwa ni vizuri kamati ya wavuvi ishirikishwe tangu mwanzo, kwa sababu mtumbwi hausimami mahali pamoja. Leo uko Kirumba, kesho uko Kome.

Misemo ya daladala na mitumbwi nayo ipigwe marufuku?

Hapana, na hapa nitasimama hata peke yangu. Misemo ya kioo cha nyuma ni fasihi ya barabarani. MSAFIRI KAFIRI, WATASEMA MCHANA USIKU WATALALA, MUNGU HAMTUPI MJA WAKE: abiria wa Buhongwa amebanwa mlangoni jua linawaka, anasoma kioo cha gari la mbele, anacheka, safari inakwisha. Kwenye mitumbwi misemo ina uzito zaidi, maana mwenye chombo huandika kile anachokiamini akiwa katikati ya ziwa usiku, karabai zinawaka na upepo umegeuka.

Kiswahili kinaishi kwa mafumbo. Kanga zimesemana miaka mingi, mke na wifi, jirani na jirani, na yule anayesemwa ana uhuru wa kununua kanga yake na kujibu. Fumbo linamwachia mlengwa heshima ya kujifanya hakuelewa. Tusi la nguoni halimwachii kitu.

Wenzetu wa Kenya waliwahi kuchukua njia ya kufuta vyote. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutumika mwaka 2004, ziliyataka matatu yawe na mstari wa njano, na michoro ikaondolewa. Usalama wa abiria ulikuwa na sababu nzito, mikanda na vidhibiti mwendo vilihitajika, lakini michoro ilipotea pamoja na uchafu, na baadaye ilirudi kwa sababu watu waliitamani. Ukifuta kila kitu kwa kuogopa kitu kimoja, unawaumiza mafundi wengi na watu wanatafuta njia ya panya.

Mimi nakataa kuandika aina tatu: tusi la nguoni, jina la mtu au alama inayomtambulisha likiambatana na kashfa, na neno la kudharau kabila, dini au maumbile. Vingine vyote lete, tutaviremba.

Vipi yale ya "anayekojoa hapa ni mbwa"?

Kila mtaa una ukuta wa namna hii. Mwenye nyumba ameandika kwa staha mwaka wa kwanza, TAFADHALI USIKOJOE HAPA. Harufu haikuisha. Mwaka wa pili akaweka faini. Mwaka wa tatu akataja mbwa, na wa nne akamtaja mama wa mkojoaji.

Namwelewa kabisa, maana ukuta ni wake na harufu inaingia chumbani kwake. Lakini anayesoma tusi la mama mchana kweupe si mkojoaji, kwa sababu mkojoaji anakuja usiku. Anayesoma ni mtoto wa darasa la pili ambaye ndiyo kwanza ameanza kuunganisha silabi, na anasoma kwa sauti. Nimemsikia mmoja, karibu na Mlango Mmoja, akimuuliza bibi yake maana ya neno. Bibi akamshika mkono akaongeza mwendo.

Kinachosaidia ni taa juu ya ukuta, na choo cha jumuiya kinachofunguliwa hadi usiku. Hilo la choo lipelekwe kwenye mkutano wa mtaa.

Kuna maandishi ambayo ni ya hatari, si ya aibu tu?

Ndiyo. Naomba swali hili lisomwe taratibu kuliko mengine yote.

Kanda yetu ya Ziwa imezika akina bibi waliouawa kwa kuitwa wachawi. Wengi kosa lao lilikuwa macho mekundu, na macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi: miaka arobaini, hamsini ya kupulizia kuni na samadi kavu ya ng'ombe jikoni. Neno MCHAWI si tusi la nguoni, na kamusi haiwezi kuliwekea alama ya neno chafu. Likiandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa bibi kizee usiku, hilo si dhihaka, ni kumwonesha muuaji mlango. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyoanza tangu 1928, inamgusa hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Ukiona neno hilo limeandikwa kwenye nyumba ya mtu, usingoje kikao. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji na polisi siku hiyo hiyo, piga picha, kisha hakikisha yule bibi halali peke yake usiku huo.

Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wenye ualbino. Mauaji yaliyoitikisa kanda hii kuanzia miaka ya 2006 na 2007 yalibebwa na maneno: majina ya kumfanya mtu aonekane kitu, bidhaa, mzimu. Kwa hiyo kibandiko cha mzaha kuhusu "dili" kwenye bodaboda, ambacho kijana wa leo anaweza kukiona ni kichekesho, kwa mama mwenye mtoto mwenye ualbino ni tangazo la kumtafuta mwanaye. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imejengwa juu ya heshima ya utu wao. Andika "mtu mwenye ualbino".

Pale Sengerema ipo sanamu ya kumbukumbu: baba amembeba mwanawe mwenye ualbino mabegani, mama anamvisha mtoto kofia ya kumkinga na jua, na majina ya waliouawa yameandikwa. Nikipita huko nasimama niyasome. Ni herufi zile zile ninazochora kila siku.

Mimi nikiambiwa nichague neno moja la kuanza nalo kwenye sheria ndogo ya eneo letu, nitaacha yote ya chooni na kuanza na kumwandikia mtu uchawi.

Neno likiwa la kawaida kwa Kisukuma lakini baya kwa Kiswahili?

Hutokea, tena sana, maana hapa tunachanganyika Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wakurya na Wajaluo. Fundi aulize maana kabla ya kuandika lugha asiyoijua. Mlalamikaji naye aulize kabla ya kukasirika.

Na utani?

Utani una pande mbili zinazojuana na una haki ya kurudishiwa. Ukuta haurudishiwi. Mtani wako mtanie msibani na harusini, kama wazee walivyofanya, usimbandike kwenye bango.

Fulana za mtumba zenye matusi ya Kiingereza zinahusika?

Zinahusika, ila kwa upole. Nimemwona mzee wa heshima, mvi zimejaa, ametoka ibadani amevaa fulana ambayo kama angejua maneno ya kifuani angeivua palepale. Aliinunua kwa sababu pamba yake ni nzito. Huyu si wa kukamatwa wala kupigwa picha na kusambazwa. Mwite pembeni: "Shikamoo mzee, samahani, maandishi ya hii fulana si mazuri." Mimi hujitolea kuifunika kwa kiraka au kuchora ua juu yake. Wauzaji wa mtumba pale Makoroboi wangeweza kuzitenga wanapofungua belo, hasa za watoto.

Bango la kulalamikia huduma mbovu nalo ni lugha ya kuudhi?

Hapana. "Barabara hii imetusahau" si tusi. "Maji hayajatoka wiki tatu" si tusi, hata kama kiongozi limemkera. Rasimu yoyote ya sheria ndogo inayosema "maneno ya kuudhi" bila kufafanua yanamuudhi nani na kwa namna gani, ikataliwe kwenye hatua ya maoni, kwa sababu siku moja itamkamata mama aliyeandika kwenye boksi kwamba dampo limejaa. Neno lililo kali kwa ofisi livumiliwe. Linalovua mtu nguo ndilo lifutwe.

Nchi nyingine zimeshughulikiaje magari?

Mfano ninaoupenda ni wa jimbo la Queensland, Australia. Kulikuwa na magari ya kukodisha kwa watalii yaliyoandikwa maneno ya kudhalilisha wanawake. Mwaka 2017 jimbo lilitunga sheria: chombo kinachosimamia maadili ya matangazo kikishaamua kwamba maandishi hayafai na mwenye gari akagoma kuyafuta, usajili wa gari unafutwa. Nachokipenda ni mpangilio wake. Kwanza uamuzi, kisha nafasi ya kurekebisha, adhabu mwisho, na inamwangukia mmiliki. Kwetu anayepigwa faini ni dereva aliyekabidhiwa gari jana, wakati stika aliibandika bosi.

Nimekuta tusi limeandikwa mtaani. Nianzie wapi?

Piga picha moja inayoonesha maandishi na mahali, andika tarehe. Usiirushe kwenye makundi ya simu, maana utakuwa umelipeleka tusi kwa watu mia tatu ambao ukuta usingewafikia. Mpelekee mwenyekiti wa mtaa, naye amwite mwenye ukuta. Mara nyingi mwenye ukuta mwenyewe hakuandika na anaona aibu kuliko wewe. Ikishindikana, mtendaji wa kata. Kwa daladala, andika namba ya gari na njia yake, peleka LATRA au kwa askari wa usalama barabarani. Ikiwa kuna jina la mtu, vitisho au uchawi, ruka ngazi zote, nenda polisi.

Ni watoto wa shule walioandika. Tuwafanyeje?

Wape brashi wafute, mbele ya mzazi, bila kupigwa picha. Halafu wape ukuta mwingine waandike kitu. Mvulana mmoja aliyeandika uchafu kwenye ukuta wa jirani yangu sasa ananisaidia kuchora, na mkono wake kwenye herufi S umenipita.

Nawezaje kufuta mwenyewe, na gharama ni ya nani?

Stika iache ipate jua la saa saba, gundi ikilegea inua pembe kwa wembe, vuta polepole kwa kulaza, kisha mabaki yafute kwa mafuta ya taa.

Kwenye ukuta wa plasta, chokaa haitoshi. Rangi ya mafuta, hasa nyekundu, hupenya. Ule ukuta wa yule mama niliupaka mara ya kwanza, baada ya mvua ya kwanza herufi zikaanza kujitokeza kama waridi hafifu, SUMU ikisomeka vizuri kuliko mengine. Ilibidi nikwangue kwa msasa, nipake rangi ya msingi, niache ikauke usiku kucha, ndipo nipake nyeupe mara mbili. Kwenye mwamba ni kazi ngumu zaidi, maana rangi inaingia kwenye vinyweleo vya jiwe: tina, brashi ya waya, maji, kisha unarudia. Usipake rangi ya kijivu juu yake, inabaki kama kiraka na inawaita wengine waje kuandika.

Gharama, kwa maoni yangu, ni ya aliyeagiza. Asipojulikana, mtaa uchange. Na kama mimi ndiye niliyeandika, nitakuja kufuta bure. Niulizeni pale kwenye ngazi za kushukia mwaloni, karibu na wauza dagaa.